Femuri iliyounga ikiwa imepinda: kisa cha kuchagua mhimili wa goti bandia na kifaa cha kuufikia

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 67, urefu sentimita 160, uzito kilo 78. Goti lake la kulia limekuwa likimuuma kwa miaka sita, na sasa hawezi kutembea zaidi ya dakika kumi bila kupumzika. Mazoezi, dawa za maumivu na sindano za gotini vimefika mwisho wa faida yake. Jambo linalokifanya kisa hiki kiwe kigumu lilitokea zamani: akiwa na miaka 35 alivunjika fupa la paja (femuri) la mguu huohuo, katikati kabisa, akatibiwa kwa kuvutwa mguu kitandani bila kuwekewa chuma. Mfupa uliunga, lakini uliunga ukiwa umepinda digrii 10, kilele cha pindo kikielekea nje.

Kisa kimeundwa kwa ajili ya kufundishia. Hesabu zake hata hivyo zinashikana, na msomaji anaweza kuzirudia kwa kalamu na karatasi.

Mbele ya goti kama hili huulizwa maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa kuwa moja. La kwanza: mguu unyooshwe hadi wapi? La pili: utumike ufito wa ndani ya mfupa, kompyuta, au roboti? Mabishano mengi kuhusu mbinu hizi hayazai kitu kwa sababu mmoja anazungumzia lengo na mwenzake anazungumzia kifaa. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba lengo na kifaa huchaguliwa pamoja, kwa kuwa ukubwa wa kosa la kifaa ndio unaokuambia unaweza kulisogeza lengo hadi wapi.

Vipimo

Eksirei ya goti pekee haitoshi hapa, na kwa kweli ni ya hatari. Filamu fupi inaonyesha gegedu ya upande wa ndani iliyokwisha na matege ya kawaida ya uzee; pindo la katikati ya paja haliingii kwenye picha. Inatakiwa filamu ndefu, mgonjwa akiwa amesimama kwa miguu yote miwili, kuanzia nyonga hadi kifundo, pia za goti (vifupa vya mbele ya goti) zikitazama mbele. Goti lake halinyooki digrii 10 za mwisho. Goti lililokunjika kidogo likizungushwa nje huonekana lina matege zaidi kuliko yaliyopo, hivyo filamu ambayo pia ya goti imeangalia pembeni irudiwe kabla ya mtu kuchora mstari wowote.

Mguu wa kulia:

- pembe ya nyonga, goti na kifundo: digrii 166, yaani varasi (matege) ya 14
- pembe ya femuri, kati ya mhimili wa kimakanika (mstari kutoka kitovu cha nyonga hadi kitovu cha goti) na uso wa goti, upande wa nje: 93
- pembe ya tibia (mfupa wa muundi), upande wa ndani: 84
- kufunguka kwa kiungo upande wa nje: 5

Mguu wa kushoto, usio na shida: 178, 88, 86 na 0.

Tofauti ya 93 na 84 ni 9; hiyo ni varasi iliyo ndani ya mifupa. Ukiongeza 5 za kiungo kilichofunguka unapata 14. Sasa linganisha na kushoto. Femuri ya kulia imeongeza digrii 5, na chanzo chake ni pindo: pindo lililo katikati ya mfupa hulifikishia goti nusu ya pembe yake, na nusu ya 10 ni 5. Lingekuwa theluthi moja juu ya goti, lingefikisha theluthi mbili. Ndiyo maana pindo dogo karibu na goti husumbua kuliko pindo kubwa karibu na nyonga. Tibia imepoteza digrii 2, na hizo ni za mfupa uliolika upande wa ndani.

Kipimo cha mwisho kabla ya chumba cha upasuaji ni eksirei ya kulisukuma goti kuelekea valgasi, yaani kulirudisha ndani. Varasi inapungua kutoka 14 hadi 5 tu. Maana yake kiungo kimejifunga kabisa upande wa nje, kisha kikafunguka digrii 4 upande wa ndani. Umbali kati ya sehemu za kugusana za kondili mbili (vichwa viwili vya chini vya femuri) ni milimita 48 hivi, kwa hiyo kila digrii moja ni takriban milimita 0.8. Namba hii ya 0.8 itatumika hadi mwisho.

Picha za CT (eksirei za kompyuta za tabaka kwa tabaka) za nyonga, goti na kifundo zilionyesha kwamba femuri mbili zinatofautiana kwa mzunguko, yaani kujisokota kwa mfupa, wa digrii 3 tu, kwa hiyo mzunguko hauhitaji kusahihishwa. Kipimo hiki kisirukwe kwa mfupa uliowahi kuvunjika, kwani filamu ya mbele haioni mzunguko.

Mguu unyooshwe hadi wapi

Mpangilio wa kimakanika, uliosimikwa na kizazi cha madaktari wa upasuaji John Insall na Michael Freeman, unakata femuri na tibia zote kwa digrii 90 dhidi ya mhimili unaotoka katikati ya kichwa cha femuri hadi katikati ya kifundo. Mguu unatoka 180. Faida yake ni uwazi: lengo ni moja kwa kila mtu na kila mmoja anaweza kulikagua. Udhaifu wake ni kwamba watu wengi hawakuzaliwa na 180. Bellemans na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba asilimia 32 ya wanaume na asilimia 17 ya wanawake wenye magoti mazima wana varasi ya digrii 3 au zaidi. Mwaka 2010 hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani nayo ilichapisha ufuatiliaji wa magoti 398 kwa miaka 15, na yaliyoangukia ndani ya digrii 3 za mstari hayakudumu kuliko yaliyotoka nje yake. Utafiti huo haukutoa ruhusa ya kukata ovyo. Ulionyesha kwamba mstari wa 180 peke yake hautabiri uimara wa goti.

Mpangilio wa kinematiki, uliosukumwa mbele na daktari wa upasuaji Stephen Howell, unafuata njia nyingine: rudisha uso wa goti ulivyokuwa kabla ya kulika. Unakata unene uleule wa kifaa utakachoweka, ukifidia milimita 2 za gegedu iliyokwisha na takriban 1 inayoliwa na msumeno. Kano zinabaki kama zilivyo. Kwa mgonjwa huyu mbinu hiyo ikifuatwa bila mipaka itatoa femuri 93 na tibia 86, mguu wa 173. Hizo ni digrii 7 za varasi, na 5 kati yake ni kazi ya mfupa uliovunjika. Kinematiki inaahidi kurudisha maumbile, na hapa ingerudisha ajali. Kano hazingedai kuguswa, hilo ni kweli. Lakini mzigo wa mwili ungeendelea kuangukia upande wa ndani wa saruji na plastiki ya goti bandia.

Mtego huohuo umo kwenye uainishaji wa MacDessi wa mwaka 2021, unaokisia umbo la asili la goti kwa pembe za mfupa. Ukitoa 93 kwenye 84 unapata hasi 9. Ukizijumlisha unapata 177. Goti linaangukia aina ya nne, varasi yenye uso wa kiungo ulio sawa, na mtu angedhani mwanamke huyu alizaliwa na matege. Mguu wa kushoto unasema vingine: hasi 2 na 174, aina ya pili, mguu ulionyooka ambao uso wa goti umeinama kidogo. Kwa mtu aliyewahi kuvunjika mguu mmoja, mguu mzima ndio shahidi wa kuaminika.

Je, tufuate mguu wa kushoto neno kwa neno, femuri 88 na tibia 86? Hapana, na sababu iko kwenye kano. Kano za pembeni zimejishika kwenye kipande cha chini cha femuri, chini ya pindo, na hazijui chochote kuhusu pindo hilo. Ukikata kutoka 93 hadi 88 unatoa milimita 9 kwa nje na chini ya 5 kwa ndani, kisha unaweka chuma cha milimita 9 pande zote. Upande wa ndani unajazwa milimita 4 zaidi goti likinyooka, na hakuna kinachobadilika likikunjwa, kwa sababu mkato wa chini wa femuri hugusa mwanya wa kunyoosha (nafasi kati ya mifupa miwili goti likinyooka) peke yake. Goti linakuwa na kano iliyokaza likinyooka na kulegea likikunjika, hitilafu ngumu kurekebisha.

Lengo lililochaguliwa ni femuri 90 na tibia 88. Mguu unatoka 178, sawa na wa kushoto, lakini digrii zimegawanywa kwa namna tofauti. Femuri inajaza upande wa ndani milimita 2.5 tu. Tibia iliyoachiwa digrii 2 za varasi inaokoa milimita 1.7 za kulegeza kano kuliko kama ingekatwa 90, na inaziokoa goti likinyooka na likikunjika, kwa kuwa mkato wa tibia unagusa mianya yote miwili.

Kulikuwa na kishawishi cha kwenda femuri 91, mguu uwe 177, na kano iguswe kidogo zaidi. Hapo ndipo kifaa kinapoingia kwenye hesabu. Ukipanga 177 tayari umesimama kwenye ukingo wa digrii 3. Kosa la digrii 2 likielekea upande mbaya linakupeleka 175. Ukipanga 178, kosa lilelile linakuacha 176. Mpango usitumie nafasi yote ambayo kosa la mkono na msumeno litaihitaji.

Kuvunja femuri upya na kuinyoosha kabla ya kuweka goti kulifikiriwa na kuachwa. Njia hiyo hufaa pindo linapokaribia au kupita digrii 20, au mkato uliochorwa kwenye filamu unapoingia kwenye mzizi wa kano. Hapa mkato unapita mbali chini ya mzizi huo.

Kwa nini ufito wa ndani ya mfupa ulikataliwa

Ufito wa mfereji wa uboho ndicho kifaa cha kila siku, na kwa femuri iliyonyooka hufanya kazi nzuri ukiwekwa kwa uangalifu. Hufuata mhimili wa anatomia, yaani mstari wa katikati ya mfupa wenyewe, nawe unakiseti kibao cha kukatia kwa digrii 5 hadi 7 za valgasi ili kuufikia mhimili wa kimakanika. Tundu la kuingilia liko sentimita 1 hivi mbele ya mzizi wa kano msalaba ya nyuma, kidogo upande wa ndani wa katikati ya bonde lililo kati ya kondili mbili. Ukilisogeza nje, mkato unaelekea valgasi. Ukilisogeza ndani kupita kiasi, unaelekea varasi. Tundu hupanuliwa hadi milimita 12 kwa ufito wa 8, na uboho hunyonywa kwanza, kwa sababu ufito unaobana ndani ya mfereji hufanya kama pistoni na kusukuma mafuta kwenye damu.

Kwa mgonjwa huyu mfereji umezibwa na kovu la mfupa katikati, kwa hiyo ufito mrefu haupiti. Ufito mfupi unapita, lakini unafuata kipande cha chini tu. Kipande hicho kinaachana na mhimili wa kimakanika kwa digrii 11: 6 za kawaida na 5 za pindo. Anayeseti 6 kwa mazoea anapata mkato wenye varasi ya 5, na macho hayatamwonya, kwani ndani ya kidonda kila kitu kinaonekana sawa. Vibao vingi havifiki 11. Hata kinachofika kinategemea ufito mfupi unaocheza ndani ya mfereji mpana wa chini, na kila milimita ya kucheza inakuzwa na ufupi huo.

Njia ya nje ya mfupa inawezekana: kitovu cha kichwa cha femuri kinatafutwa kwa eksirei ya chumba cha upasuaji, alama ya chuma inawekwa juu ya ngozi, na fimbo ya nje inaelekezwa kwenye alama hiyo. Ni njia ya heshima pale ambapo hakuna kompyuta. Inahitaji meza isisogezwe baada ya alama kuwekwa. Vibao vinavyotengenezwa kwa umbo la mgonjwa kutokana na CT navyo vingelifikia lengo, kwa vile picha zinajumuisha nyonga. Tatizo ni kwamba havijui lolote kuhusu mkazo wa kano, na kibao kikikalia kichomozo cha mfupa kilichosahaulika kinainama bila dalili.

Navigesheni ya kompyuta, inayofuatilia kwa kamera alama zilizofungwa kwa pini kwenye mifupa, ndiyo iliyochaguliwa. Haiingii kwenye mfereji, inakitafuta kitovu cha nyonga kwa kulizungusha paja, na pindo halina maana kwake. Uchambuzi wa pamoja wa mwaka 2007 ulikuta asilimia 9.0 ya magoti ya navigesheni yakitoka nje ya digrii 3, dhidi ya asilimia 31.8 kwa vifaa vya kawaida. Kwa magoti yasiyo na kasoro, usahihi huo haujaleta tofauti kubwa ya maumivu au ya kutembea, na asiyesema hivyo anauza mashine. Kwa femuri iliyopinda, usahihi huo ndio upasuaji wenyewe. Roboti inayotumia CT ingefanya kazi hiyohiyo, ikiongeza kuushika msumeno usivuke mpango. Kama ipo, itumike. Kisa hiki hakiitegemei.

Chumbani

Pini mbili za femuri ziliwekwa juu kidogo ya kiungo, mbali na kovu la mfupa, na mbili kwenye tibia. Paja lilizungushwa kwa duara linalopanuka, msaidizi akizuia nyonga isiinuke mezani. Nyonga ikitembea, kitovu kinakuwa cha uongo na kila pembe inayofuata inarithi uongo huo. Kifundoni alama ziliguswa kwa uangalifu kwa sababu milimita 6 hapo ni digrii 1 ya tibia. Kitovu halisi cha kifundo kiko milimita chache upande wa ndani wa nusu ya umbali kati ya vinundu viwili vya pembeni vya kifundo, na anayeweka alama yake nje anaipa tibia varasi asiyoipanga. Alama dhaifu kuliko zote ni za vilele vya pembeni vya femuri: viko sentimita 8 hivi kutoka kimoja hadi kingine, hivyo kukosea milimita 3 ni digrii 2 za mzunguko. Kwa mzunguko kompyuta isiachiwe peke yake.

Vichomozo vya mfupa viliondolewa kabla ya kano kuguswa, vya ndani na vya nyuma. Vya nyuma ndivyo vilivyokuwa vikizuia goti kunyooka. Anayekimbilia kukata milimita 2 zaidi za femuri kabla ya kuvitoa anapandisha mstari wa goti bila sababu.

Tibia ilikatwa 88: milimita 9 nje, 5.6 ndani. Femuri ilipangwa 90: milimita 9 nje, 6.5 ndani. Bamba la kukagulia lilipowekwa juu ya mkato wa femuri, skrini ilisoma 89. Kibao kilikuwa sahihi. Kondili ya ndani ilikuwa na mfupa mgumu kama pembe ya ng'ombe, na upanga wa msumeno uliinuka ulipoufikia. Digrii 1 ni milimita 0.8 za mfupa uliobaki ndani, upande uleule uliokuwa umekaza. Ilirudiwa kwa upanga mpya, msumeno ukimwagiwa maji na kusogezwa polepole, ikasoma 90. Kukagua kila mkato kunachukua chini ya dakika moja, na hakuna mfumo, wa bei yoyote, unaozuia upanga kupinda.

Mianya ilipimwa kwa kuitanua. Goti likinyooka: ndani milimita 17, nje 20. Goti likikunjwa digrii 90, femuri ikiwa imezungushwa nje digrii 2 kwa sababu tibia ilisogezwa digrii 2 kutoka asili yake: ndani 19, nje 20. Vifaa vinahitaji 19, yaani chuma cha femuri 9 na cha tibia pamoja na plastiki 10. Kilichopungua ni milimita 2, ndani, goti likinyooka tu. Hesabu ya mezani ilitabiri hivyo.

Nyuzi za nyuma za kano ya ndani hukaza goti likinyooka, na za mbele hukaza likikunjwa. Kwa hiyo kitanuzi kiliachwa mahali pake goti likiwa limenyooka, na nyuzi za nyuma zilizokaza zilitobolewa kwa sindano ya geji 18, matundu machache kila mara, kisha kupima. Mwanya ulifika 19. Kuibandua kano yote kutoka kwenye tibia, kama ilivyokuwa desturi kwa matege makubwa, kungefungua pia mwanya wa kukunja ambao haukuhitaji kitu. Anayeitoboa kano kwa haraka anaweza kuikata, na hapo atalazimika kuweka goti lenye kizuizi cha pembeni. Kifaa hicho kiwepo chumbani kabla ya sindano ya kwanza.

Baada ya upasuaji

Kabla ya saruji kukauka skrini ilisoma 178, goti likinyooka kabisa. Uzito uliruhusiwa siku iliyofuata. Filamu ndefu ya ukaguzi isipigwe wiki ya kwanza, wakati goti lina maumivu na halinyooki vizuri, kwa sababu itaonyesha pembe ambayo haipo. Ipigwe kati ya wiki ya 6 na ya 12. Ilipopigwa ilisoma 177, tofauti ya digrii 1 ambayo iko ndani ya kosa la filamu yenyewe.

Goti linanyooka lote na linakunjika hadi 115. Paja litazamwe pamoja na goti katika miezi mitatu ya kwanza. Matundu ya pini hudhoofisha mfupa, na femuri hii tayari ina kovu juu yake. Maumivu mapya ya paja anapokanyaga, hata kama goti ni zima, yanadai eksirei ya femuri nzima siku hiyohiyo.